Geji ya Sweta na Udhaifu wa Hoja ya Mkono Uliozoea

Miongoni mwa wafumaji wa sweta za shule katika masoko ya Kitui na Makueni, na kwa kweli katika sehemu kubwa ya Kenya, umejengeka msimamo unaopita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi karibu bila kuhojiwa. Msimamo huo unadai kwamba fundi aliyebobea hana haja ya kufuma kipande cha kujaribia kabla ya kuanza sweta yenyewe, kwa kuwa mkono wake umeshazoea, uzi anaujua, na namba iliyoagizwa na mteja inatosha kumwongoza. Wanaoushikilia huuona kuwa ni heshima kwa uzoefu, na humtazama anayehesabu vitanzi kwa tepu ya kupimia kama mtu ambaye bado yuko darasani. Makala haya yanadai kwamba msimamo huo ni kosa, tena kosa linalomgharimu mtu asiyeshirikishwa katika mjadala, yaani mzazi anayenunua sweta mwezi wa Januari na mtoto anayeivaa katika baridi ya Julai.

Geji, kwa maana itakayotumika hapa, ni hesabu ya vitanzi vilivyomo katika upana fulani wa kitambaa kilichofumwa, pamoja na hesabu ya safu zilizomo katika urefu fulani wa kitambaa hichohicho. Kipimo cha kawaida cha pande zote mbili ni inchi 4, ambazo ni takriban sentimita 10. Kitanzi ni kile kizingo kimoja cha uzi kinachovutwa kupitia kizingo cha chini yake, na safu ni mstari mmoja kamili wa vitanzi kutoka ukingo hadi ukingo. Mfumaji akisema kwamba geji yake ni 22 kwa 30, anamaanisha kwamba katika mraba wa inchi 4 kila upande anapata vitanzi 22 kwa upana na safu 30 kwa urefu, na ikumbukwe kwamba nambari hizi mbili hazilingani kwa sababu kitanzi cha kawaida ni kipana kuliko urefu wake. Geji hii huzaliwa na unene wa uzi, unene wa sindano, aina ya ufumaji, na nguvu ambayo kwayo vidole huuvuta uzi, yote kwa pamoja. Msimamo unaopingwa hapa umeshika jambo moja kati ya hayo manne, yaani vidole, ukalipa mamlaka juu ya mengine matatu.

Chanzo cha kosa hili kiko katika kuchanganya kazi mbili zinazofanana kwa nje. Fundi wa cherehani hupokea kitambaa kilichokwisha kutengenezwa. Mafundi wa kituo cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kule Syongila, wanaposhona sare za shule hukata vitambaa ambavyo msongamano wa nyuzi zake uliamuliwa kiwandani kabla ya mkasi kukigusa kitambaa, na kwa hiyo kipimo cha mwili wa mteja kinawatosha kuanza kazi. Mfumaji wa sweta hana bahati hiyo, kwa kuwa yeye hutengeneza kitambaa na vazi kwa wakati mmoja, na kila kitanzi anachokifunga ni uamuzi kuhusu ukubwa wa vazi. Kumwambia aanze kazi kwa kujua kifua cha mtoto peke yake ni kumwambia akate nguo kutoka kwa kitambaa ambacho upana wake haujulikani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ndiyo hoja iliyo ngumu zaidi kuikwepa. Tuseme mtoto ana kifua cha inchi 30, na sweta inahitaji inchi 4 za nafasi ya ziada ili ivalike juu ya shati bila kumbana, hivyo mzunguko wa sweta uwe inchi 34. Kwa geji ya vitanzi 22 katika inchi 4, ambayo ni vitanzi 5.5 kwa kila inchi, mfumaji ataanza na jumla ya vitanzi 187 kwa mbele na nyuma. Iwapo mkono wake siku hiyo unalegea kidogo akapata vitanzi 5 kwa inchi, vitanzi vilevile 187 vitatoa sweta ya inchi 37 na zaidi, na iwapo anakaza akapata 6 kwa inchi, sweta itakuwa ya inchi 31 na ushei, yaani itambana mtoto kifuani kama ngozi ya pili. Tofauti kati ya sweta inayofaa na sweta isiyofaa ni nusu kitanzi katika kila inchi. Jicho la binadamu, hata lililofuma kwa miaka ishirini, haliwezi kuiona nusu ya kitanzi ndani ya inchi moja ya kazi iliyo kwenye sindano, ambayo tayari imevutwa, imekunjamana na kujikunja pembeni, ilhali inchi thelathini na nne huikusanya nusu hiyo mpaka ikawa inchi tatu.

Watetezi wa mkono uliozoea hujibu kwamba fundi wao hafumi vitanzi 5 kwa inchi leo na 6 kesho, kwa maana uzoefu umemfanya awe na mkazo mmoja daima. Jibu hili lina sehemu ya ukweli, na haifai kuipuuza, kwani mfumaji wa miaka mingi kweli hufuma kwa usawa kuliko anayeanza, na vitanzi vyake hupendeza kwa jinsi vinavyolingana. Lakini kulingana kwa vitanzi ni sifa moja, na kujua ukubwa wake ni sifa nyingine. Mkono ulio sawa sawa unaweza kufuma kwa usawa kamili sweta iliyozidi inchi tatu, na usawa huo utaifanya kasoro iwe safi zaidi bila kuiondoa. Isitoshe, usawa wa mkono una masharti: uzoefu wa fundi ni uzoefu wa uzi fulani juu ya sindano fulani. Sindano za chuma huteleza na kuufanya uzi upite upesi, ilhali za mbao huushika, na mtu yuleyule mwenye uzi uleule hupata geji mbili tofauti anapobadilisha moja kwa nyingine. Akifuma mviringo bila kugeuza kazi, anafunga vitanzi vya upande wa mbele pekee, lakini akifuma kwenda na kurudi hulazimika kufunga vya upande wa nyuma katika kila safu ya pili, na wafumaji wengi huvilegeza hivyo bila kujua. Nao uzi unaouzwa kwa kupimwa kwenye mizani au kwa koni kubwa isiyo na karatasi ya maelezo haumwambii mtu unene wake, na uzi wa rangi iliyokolea kama samawati nzito au hudhurungi unaweza kutofautiana kidogo na ule mweupe hata ukiwa umetoka kwa mtengenezaji mmoja. Fundi anayesema kwamba uzi anaujua anazungumzia uzi wa mwaka uliopita.

Inafaa hapa kumtaja Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi yake Marekani na kuchapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1971. Yeye ndiye aliyewahimiza wafumaji waache utumwa wa kufuata maelezo ya vitabu kitanzi kwa kitanzi, na angetarajiwa kuwa shahidi wa upande wa mkono huru. Kinyume chake, mfumo wake wote wa kukokotoa sweta kwa asilimia ya kifua umejengwa juu ya nguzo moja, ambayo ni geji iliyopimwa na mfumaji mwenyewe kwenye kipande alichokifuma mwenyewe. Aliyetaka uhuru mkubwa kuliko wote ndiye aliyeshikilia kipimo kuliko wote, kwa sababu asiyejua geji yake hana njia nyingine isipokuwa kuiga kazi ya mtu mwingine na kuomba zifanane.

Hata hivyo, hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta shahidi, maana Ukambani kuna ushahidi ulio mzito zaidi, na ndio unaobomoa dai jingine linaloambatana na msimamo huu: kwamba kuhesabu ni mambo ya vitabu vya kigeni, na kwamba kazi ya mikono ya kienyeji iliishi bila hesabu. Tazama kiondo, ambacho Wakamba hukiita kyondo, kapu la nyuzi za mkonge, na zamani pia za gome la mbuyu, lililosukwa na wanawake wa Kitui, Makueni na Machakos kwa vizazi, na lililofika masoko ya Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Msukaji huanza kwa kusokota nyuzi juu ya paja, akitafuta unene mmoja, na husokota akiba kubwa kabla ya kuanza kazi. Kisha hupanga nyuzi za msimamo kwenye kitako cha kiondo na kuzifunga kwa nyuzi mbili zinazopishana kila baada ya uzi mmoja wa msimamo, akiongeza nyuzi nyingine za msimamo kadiri kitako kinavyopanuka, mpaka afike upana anaoutaka ndipo aache kuongeza na kupandisha ukuta. Idadi ya nyuzi za msimamo na unene wake ndivyo vinavyoamua upana wa kiondo, na kiondo cha nyuzi nyembamba zilizosongamana huthaminiwa kuliko cha nyuzi nene zilizoachana. Hii ni geji, imehesabiwa na kuamuliwa mwanzoni, na mwanamke aliyeongeza nyuzi chache kuliko inavyopasa haambiwi kwamba mkono wake umezoea. Anaambiwa akifumue kitako hicho aanze upya. Sanaa ya mikono ya Ukambani, basi, inasimama upande wa hesabu, na wanaoitaja ili kutetea kukisia wanaidhulumu.

Kilichotokea, kwa jinsi mambo yanavyoonekana, ni kwamba ufumaji wa sindano uliingia vijijini ukiwa umeachana na kipimo chake. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha kushona na kufuma pamoja na mapishi na usafi wa nyumba, na baadaye mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliingiza sanaa, ufundi na sayansi ya nyumbani katika shule za msingi, ambako watoto wengi walijifunza kufuma kwa njiti zilizochongwa au spoki za baiskeli. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa na haistahili kubezwa. Lakini anayejifunza kwa kufuma kitambaa kidogo cha kuonyesha hajifunzi geji, kwa kuwa kitambaa hicho hakina mwili wa kuutosha, na hukumu yake hutolewa kwa unadhifu wa vitanzi pekee. Mtu akitoka hapo moja kwa moja hadi sweta za kuuza, atachukua unadhifu kuwa ndio ufundi wote.

Hoja ya pili ya watetezi inahusu gharama, nayo husemwa kwa uzito zaidi kwa kuwa uzi hununuliwa kwa fedha na muda wa fundi ni chakula cha watoto wake. Kipande cha kujaribia, wanasema, ni uzi uliopotea na saa zilizopotea. Dai hili lingefaa lipimwe badala ya kurudiwarudiwa. Kipande cha kutosha ni cha inchi 6 kwa 6, ili inchi 4 za katikati zihesabiwe mbali na kingo ambazo hujikunja na kudanganya. Kwa geji iliyotajwa hapo juu, kipande hicho kina vitanzi 33 kwa safu 45, ambavyo havifiki 1,500. Kiwiliwili cha sweta ya mzunguko wa inchi 34 na urefu wa inchi 22 kina vitanzi 187 kwa safu 165, yaani zaidi ya 30,000, kabla ya mikono ya sweta na shingo. Jaribio ni kama sehemu moja ya ishirini ya kiwiliwili peke yake, na uzi wake haupotei, kwani hufumuliwa ukarudi kwenye donge au ukatumika shingoni. Upande wa pili wa mizani kuna sweta nzima iliyozidi au kupungua, ambayo fundi atalazimika kuifumua yote, au, kama inavyotokea mara nyingi zaidi, ataiuza kwa mtu ambaye haimfai. Kwa fundi anayefuma sweta arobaini za shule moja kwa uzi wa aina moja, kipande kimoja kinahudumia sweta zote arobaini. Gharama inayolalamikiwa ni ndogo kiasi kwamba mtu hulazimika kutafuta sababu nyingine ya kuikwepa, na sababu hiyo itazungumziwa punde.

Kabla ya hapo kuna hoja ya kunyumbuka. Sweta, husemwa, si koti. Vitanzi hutanuka na kurudi, na kwa hiyo inchi mbili tatu hazina maana kwani vazi litamfuata mvaaji. Ni kweli kwamba kitambaa cha vitanzi hunyumbuka, lakini kunyumbuka ni akiba ya mwili kusogea, na akiba hiyo ikitumiwa yote ili vazi liweze tu kuvaliwa, hakuna kinachobaki kwa mtoto anayeinua mkono kuandika ubaoni. Sweta iliyobana hukaa imevutwa wakati wote, viwiko hutokeza, na pindo la kiunoni hupoteza uwezo wa kurudi katika muda mfupi. Iliyolegea hujivuta kuelekea chini kwa uzito wake yenyewe, ikarefuka na kuwa nyembamba kifuani. Kunyumbuka hakusamehi geji mbaya. Kunaificha dukani na kuidhihirisha baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kufua ndiko kunakoonyesha jinsi kukisia kulivyo kwepesi kukosea, na hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wanaohesabu vitanzi hulikosea. Geji inayohesabiwa kwenye kitambaa kikavu kilichotoka sasa hivi kwenye sindano ni geji ya kitu ambacho hakuna atakayekivaa. Sweta ya shule ya Kitui itafuliwa kwa sabuni ya kipande katika karai, itakamuliwa kwa mikono miwili, na itaanikwa kwenye kamba au juu ya ua, ikiwa bado imebeba maji. Kipande cha kujaribia kinapaswa kupitia safari hiyohiyo: kifuliwe kama sweta itakavyofuliwa, kianikwe kwa kuning'inizwa kama itakavyoning'inizwa, kikauke kabisa, ndipo tepu iwekwe juu yake. Uzi wa sufu halisi, yaani wa manyoya ya kondoo, ukisuguliwa katika maji ya moto hunywea na kushikamana usirudi tena. Uzi wa akriliki, ambao hutengenezwa kwa kemikali na ndio unaotumika sana katika sweta za shule, haunywei hivyo, lakini ukikutana na pasi yenye joto kali hulainika, hulala na kupoteza uhai wake wa kunyumbuka moja kwa moja, na pasi ya makaa, inayotumika katika nyumba nyingi zisizo na umeme, haina kirekebishi cha joto. Fundi anayekinyoosha kipande chake cha akriliki kwa pasi ili kipimike vizuri amekiua, na nambari anazosoma ni za maiti ya kitambaa.

Hoja inayopendwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile isemayo kwamba mtoto atakua. Mzazi hununua sweta kubwa makusudi, mwalimu mkuu hushauri hivyo, na fundi hujitetea kwamba katika biashara ambayo kila mtu anataka ukubwa wa ziada, usahihi ni anasa. Nia ya mzazi ni ya busara na hakuna anayeipinga, kwa maana sare ni ghali na sweta moja hutakiwa kudumu miaka miwili au mitatu. Kosa liko katika kudhani kwamba ukubwa unaopatikana kwa kulegeza vitanzi ni sawa na ukubwa unaopatikana kwa kuongeza vitanzi. Sweta ya namba 34 iliyofumwa kwa geji iliyokaza vya kutosha ina vitanzi vingi zaidi kuliko ya namba 30, na kitambaa chake ni imara vilevile. Mtoto ataikulia, na ataikuta bado ni sweta. Sweta ya namba 30 iliyolegea mpaka ikafika inchi 34 ina vitanzi vya mtoto mdogo vilivyotanuliwa, na kabla mtoto hajaifikia itakuwa imeshapoteza umbo. Kwenye njia za miguu za Ukambani, zilizopakana na vichaka vya migunga, kitanzi kilicholegea hunaswa na mwiba kwa urahisi, na uzi mmoja ukivutwa huacha mstari mzima umekunjamana, na ukikatika vitanzi huanza kufumuka kimoja baada ya kingine. Upepo wa asubuhi katika vilima vya Mbooni na Kilungu, au katika nyanda za juu za Tulia na Mutonguni wakati wa miezi ya mawingu, hupenya kitambaa hicho bila kizuizi.

Hapa ndipo inapofaa kuitaja ile sababu nyingine. Kulegeza geji kunampunguzia fundi gharama. Sweta ya inchi 34 kwa vitanzi 5.5 na safu 7.5 katika kila inchi ina vitanzi elfu thelathini na ushei katika kiwiliwili. Ikifumwa kwa vitanzi 5 na safu 7, ukubwa uleule hupatikana kwa vitanzi elfu ishirini na sita hivi, ambavyo ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Ijapokuwa kila kitanzi kilicholegea hula uzi zaidi kidogo, jumla ya uzi bado hupungua kwa karibu asilimia 8, na muda wa kazi hupungua pia. Tofauti hii haionekani kwenye namba iliyoshonwa shingoni, wala kwenye rangi, wala kwenye nembo ya shule, na kwa hiyo fundi anayefuma kwa uaminifu hushindwa bei na jirani yake anayefuma kwa kulegeza, huku mnunuzi akidhani amepata kitu kilekile kwa bei nafuu. Si haki kusema kwamba kila anayekataa kuhesabu anakusudia kudanganya, na wengi kwa hakika hawakusudii. Lakini msimamo unaosema kwamba geji haina maana unawapa wadanganyifu kivuli cha kujifichia, na unawaadhibu waaminifu sokoni. Mkazi wa Tulia anayeezeka nyumba humuuliza mwenye duka geji ya mabati kabla ya bei, kwa kuwa anajua kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28 hata kama yote mawili yanang'aa sawasawa, na hakuna muuzaji anayemjibu kwamba mabati huamuliwa kwa mkono uliozoea. Mtu huyohuyo akinunua sweta nne za watoto wake huuliza rangi na namba, akalipa.

Wapo wanaodhani kwamba mashine imelimaliza suala hili. Mashine za mkono zenye kitanda bapa cha sindano, ambazo fundi husukuma gari lake kushoto na kulia, zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya sweta za shule, na husemwa kwamba kirekebishi chake kikiwekwa kwenye nambari fulani, mkazo hauwezi kubadilika. Tangu William Lee alipobuni mashine ya kufuma kule Uingereza mwaka 1589, mashine za aina hii zimekuwa na geji yake yenyewe, ambayo ni idadi ya sindano katika upana maalumu wa kitanda, na geji hiyo kweli haibadiliki kwa sababu ni chuma. Lakini geji ya kitanda si geji ya kitambaa. Nambari ya kirekebishi huamua urefu wa kizingo tu. Unene wa uzi, nta iliyopakwa au kutopakwa juu yake, na jinsi koni inavyouachia uzi, vyote huibadilisha kazi huku nambari ikisalia palepale. Zaidi ya hayo, kitambaa kinachotoka mashineni kimevutwa kuelekea chini na vipande vya uzito vinavyoning'inizwa ili vitanzi visirukwe, na kwa sababu hiyo kinaonekana kirefu na chembamba kuliko kitakavyokuwa. Kinapaswa kupumzishwa usiku mzima, kifuliwe na kikauke, kabla ya kuhesabiwa. Mashine, kwa hiyo, imeongeza sababu za kupima, kwa kuwa kosa linalofanywa kwa sindano mbili huharibu sweta moja, ilhali nambari iliyokosewa kwenye mashine huharibu agizo la shule nzima kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Kuna kazi ambazo geji si lazima. Skafu haina mwili wa kuutosha, blanketi la mtoto likizidi inchi mbili halimdhuru yeyote, na mtu anayefuma kwa starehe yake ana haki ya kufuma anavyopenda. Hoja ya makala haya inahusu vazi linalouzwa kwa namba na kulipiwa kwa fedha za mtu mwingine.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilizipa shule bodi za usimamizi, na bodi hizo, pamoja na kamati za wazazi, ndizo zenye sauti katika sare zinazovaliwa. Zinapoagiza sweta hutaja rangi, nembo na namba. Ziongeze sentensi moja katika agizo, kwamba kitambaa kiwe na vitanzi 22 na safu 30 katika inchi 4, au idadi nyingine watakayokubaliana na fundi kwa uzi uliochaguliwa, na kwamba hesabu hiyo ifanywe baada ya kipande kufuliwa na kukauka. Kipande chenyewe kibaki shuleni, ili sweta zikiletwa zilinganishwe nacho. Na mzazi anayenunua peke yake sokoni atandaze sweta juu ya meza bila kuivuta, aweke tepu katikati ya mgongo, ahesabu vitanzi vya inchi 4, kisha afanye vivyo hivyo kwenye sweta ya kibanda cha pili kabla hajatoa pesa.